Jinsi ya kuwafundisha vijana imani kwa kusoma Biblia na kujadiliana nao, siyo kuwahubiria tu

Nimekaa na vikundi vya vijana miaka mingi sasa, wengine wana miaka 13 wengine wanagonga 25, na kitu ambacho ningetamani mtu angeniambia mapema ni hiki: kijana anashika imani aliyoiulizia maswali mwenyewe. Ile ya kumezeshwa inadumu mpaka siku anatoka nyumbani, akikutana na mtu wa kwanza anayempinga kwa hoja basi imeanguka.

Miaka ya mwanzo nilikuwa naongea mimi tu. Naandaa somo, naandika pointi tano, naongea kama dakika hamsini, mwisho nauliza "kuna swali?" na hakuna swali, tunaomba tunaondoka, mi najua kazi imefanyika. Siku moja binti mmoja akauliza kwa sauti ndogo, kama Mungu anasikia maombi mbona mama yake alifariki na wao walikuwa wanaomba kila usiku. Nikamjibu hapo hapo kwa mstari. Mstari wenyewe ulikuwa wa kweli kabisa, lakini nilimjibu kabla hajamaliza hata kupumua, akatikisa kichwa akasema asante, na baada ya pale hakuuliza tena kitu miezi mingi. Nililiwazia sana lile. Toka hapo nilibadilisha namna ya kufanya na hizi hatua ndo nilizofika nazo, zichukue, zipime na watu wako.

Hatua ya 1: Soma wewe kwanza, na usome kama hujui

Fungu mtakalosoma wiki hii lisome mara tatu siku tatu tofauti kabla hujagusa kitabu chochote cha maelezo. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachokushangaza, kinachokuudhi, usichokielewa. Usiandike mafundisho, andika maswali tu. Kama umesoma na hujashangaa popote basi umesoma kwa mazoea na vijana watakushinda, maana wao wanasoma mara ya kwanza na wanaona vitu ambavyo sisi tuliozoea macho yanaruka.

Halafu soma sura inayotangulia na inayofuata, hiyo itakuokoa na aibu nyingi.

Ukiweza tumia tafsiri mbili. Union Version ya 1952 ina Kiswahili kizito kitamu lakini vijana wengi maneno yake hawayajui, Habari Njema inasomeka kwa lugha ya kawaida. Mi napenda wawe na zote mbili kikaoni, ikitokea zimetofautiana neno hapo hapo mjadala umeanza wenyewe, "kwa nini huku wamesema hivi na huku vile?". Na kama kikundi chako kina Wakatoliki na Waprotestanti pamoja jua mapema kwamba mtu atauliza mbona Biblia ya mwenzake ni nene, mwambie tu ukweli, ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na ya Kikatoliki ina 73, vile saba ni kama Tobiti, Yudithi, Hekima na Makabayo, na vyote vilivyozidi viko Agano la Kale, Agano Jipya ni vitabu 27 vile vile kwa wote. Usifanye hiyo iwe vita.

Hatua ya 2: Chagueni kitabu kimoja mkae nacho

Najua tumezoea mada. Wiki hii uchumba, wiki ijayo utumiaji wa simu, wiki nyingine utii kwa wazazi. Mada siyo mbaya ila ina shida moja, wewe ndo umeshaamua cha kusema halafu unaenda kutafuta mistari ya kukusapoti, na vijana siyo wajinga wanaona. Mkikaa na kitabu kizima, Biblia yenyewe ndo inaleta mada, na italeta hata zile ambazo wewe usingethubutu kuzileta.

Kwa kuanza mi nachukua Injili ya Marko. Ina sura 16, ndo fupi kuliko Injili nyingine zote, mambo yanaenda mbio, na Yesu anaonekana akiuliza watu maswali kila saa. Kama mna muda mfupi chukueni Yona au Ruthu, vyote vina sura 4, mwezi mmoja mmemaliza. Yona naipenda kwa vijana kwa sababu inaisha na swali, Mungu anamuuliza Yona kwa nini yeye Mungu asiuhurumie Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000, na kitabu kinaishia hapo hapo, jibu la Yona halipo. Waache vijana walijibu wao. Yakobo ni nzuri kwa kikundi kinachopenda mambo ya vitendo. Kuna Filemoni pia, barua ya mistari 25 tu, mnaisoma yote kwenye kikao kimoja, na ndani yake kuna mtumwa, kuna kosa, kuna msamaha unaogharimu, nimeona vijana wakibishana juu yake mpaka muda umekwisha hakuna anayetaka kuondoka.

Ufunuo watakuomba, kila kikundi kinaomba Ufunuo. Mwambie itakuja, ila siyo ya kwanza.

Kila kikao chukueni kipande kifupi, mistari 7 mpaka 15 inatosha. Na usikate kwa kufuata namba za sura kwa upofu, zile namba waandishi wenyewe hawakuziweka, mgawanyo wa sura tunaotumia umetoka karne ya 13 na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji Mfaransa Robert Estienne. Ndo maana kuna sehemu sura inakata hotuba katikati, angalia Marko 9:1, ule mstari ni mwendelezo wa maneno ya mwisho wa sura ya 8. Kata pale stori inapoishia.

Hatua ya 3: Watu wachache, duara, na pawe wazi

Sita mpaka kumi. Wakizidi kumi na wawili wale wanaoongea sana wanabaki kuongea na waoga wanajificha, gawa vikundi viwili. Kaeni duara na wewe ukae kwenye kiti kama chao, usisimame, ukisimama tu ushakuwa mhubiri na wao washakuwa wasikilizaji. Saa moja na robo inatosha, anza kwa wakati na maliza kwa wakati hata kama imenoga, ikinoga wataendelea njiani wenyewe na hapo ndo utamu.

Kitu ambacho siyo cha kujadili: watu wazima wawe wawili au zaidi, mlango uwe wazi au mkae sehemu inayoonekana, na kiongozi asikae peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa ajili ya maombi, hata kama ni mtu unayemwamini kama ndugu yako. Wazazi wajue mnakutana wapi na mnamaliza saa ngapi. Kikundi cha imani ambacho mtoto hayuko salama ndani yake hakina kitu cha kufundisha.

Hatua ya 4: Makubaliano ya siku ya kwanza

Waache wayaseme wao, wewe andika. Ila hakikisha haya matatu yamo. Moja, hakuna anayechekwa kwa swali wala kwa jibu. Mbili, stori ya mtu inabaki kwenye duara, haiendi kwenye grupu la simu wala kwa wazazi. Tatu, ukisema kitu kuhusu fungu tuoneshe umekiona mstari gani.

Hilo la pili lina mpaka na uuseme wazi siku ile ile ya kwanza: mtu akisema anaumizwa na mtu, au ananyanyaswa, au anafikiria kujidhuru, hiyo hutaifanya siri, utatafuta msaada wa mtu anayehusika. Usimwahidi kijana "sitamwambia mtu yeyote" halafu uje uvunje, atajifunza kwamba watu wa Mungu wanadanganya.

Hatua ya 5: Someni kwa sauti, taratibu

Kuna mstari naupenda kwenye Nehemia 8:8, watu wamerudi kutoka uhamishoni, wamekusanyika, na imeandikwa kwamba walisoma kwenye kitabu "kwa sauti ya kusikilika, wakaeleza maana yake, hata wakayafahamu yaliyosomwa". Mambo matatu, kusoma, kueleza, kufahamu. Wengi tunaruka la kwanza.

Someni mara mbili. Mara ya kwanza msomaji mmoja anayesoma vizuri, wengine wafunge macho wasikilize tu. Mara ya pili gawaneni sauti, mmoja msimulizi, mmoja Yesu, wengine wanafunzi. Usimlazimishe mtu kusoma, kuna vijana wanasoma kwa shida na hiyo aibu ya kukwama mbele ya wenzake ndo itakuwa kumbukumbu yake ya Biblia, kwa hiyo uliza "nani anapenda kusoma?" na wapo kila mara wanaopenda.

Halafu safisheni maneno kabla ya maswali. Nitatoa mfano wa Marko 4:35-41, Yesu anatuliza dhoruba, maana ndo fungu naanzia nalo kila kikundi kipya. Union inasema Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Nimewahi kuwa na kijana alikaa kikao chote akijua Yesu alilala juu ya maji, mto wa maji, akawa anaona huo ndo muujiza wenyewe! Ni mto wa kulalia, na shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo. Ukiwauliza "shetri ni nini" wote watanyamaza, sasa fikiria ni mara ngapi wamesikia hilo neno likisomwa kanisani wakaliacha lipite.

Hatua ya 6: Maswali, na hapa ndo penye kazi

Swali zuri ni lile ambalo wewe mwenyewe huna jibu lake moja mfukoni. Swali bovu ni "je, tunapaswa kumwamini Yesu?", nani atajibu hapana? Hilo siyo swali, ni mahubiri yamevaa alama ya kuuliza.

Mi naenda kwa mafungu matatu, kwa mpangilio, na ukiruka la kwanza kila kitu kinaharibika.

Kwanza, mnaona nini? Hapa hakuna maana wala mafundisho, ni macho tu. Kwenye hiyo Marko 4 nauliza: ni saa ngapi? (jioni, mstari wa 35). Nani alisema wavuke? Watu wengi hawajawahi kuona kwamba ni Yesu mwenyewe aliyesema "na tuvuke mpaka ng'ambo". Kulikuwa na chombo kimoja? Hapana, mstari wa 36 unasema kulikuwa na vyombo vingine pia. Wanafunzi walimwambia nini, neno kwa neno? "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hofu zimetajwa wapi na wapi? Waache wahesabu, watagundua kwamba mstari wa 41, baada ya bahari kutulia, ndo imeandikwa "wakaingiwa na hofu kuu". Hapo duara huwa linachangamka, kijana mmoja atasema "sasa mbona wanaogopa zaidi wakati imeshaisha?" na hujamfundisha wewe, amekiona mwenyewe.

Pili, maana yake nini, kwa wale waliokuwepo kwanza. Hapa ndo unaleta kile ulichosoma, kidogo kidogo, kama chumvi. Waambie ziwa la Galilaya liko chini ya usawa wa bahari kama mita 210, limezungukwa na vilima, upepo unaweza kushuka ghafla. Waambie wanne kati ya wale wanafunzi, Simoni, Andrea, Yakobo na Yohana, walikuwa wavuvi wa ziwa hilo hilo. Halafu uliza: kama wavuvi wanaolijua ziwa wanasema tunakufa, dhoruba ilikuwa ya namna gani? Na wavuvi wanamwamsha seremala awasaidie, walitegemea afanye nini? Hivi walipomuuliza "si kitu kwako" walikuwa wanaomba au wanalalamika? Mimi naamini ni vyote viwili, na ninawaambia, ila nawaambia mwisho, baada yao.

Tatu, na sisi je? Hapa usiulize "tunajifunza nini?", hilo swali limeua vikao vingi, majibu yake wameyakariri toka wakiwa wadogo: tunajifunza kuwa na imani, tunajifunza kumtegemea Mungu. Uliza kitu chenye makali. Umewahi kuhisi Yesu amelala wewe unazama? Ulimwambia nini siku ile? Kama ni yeye aliyesema tuvuke, kwa nini dhoruba ije? Wale wa vyombo vingine, ambao pengine hawakujua aliyetuliza upepo ni nani, walipata faida au hawakupata?

Na swali lao wenyewe, "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?", liacheni wazi. Marko ameliacha wazi. Msikimbilie kulifunga wiki ya kwanza, waambie tutaendelea kusoma tuone huyu ni nani, na wiki ijayo watarudi kwa sababu hawajamaliza.

Mjadala ukienda mbali, mtu anasimulia vidio aliyoiona au mchungaji fulani alivyosema, usimkatize kwa ukali, sikiliza kisha sema "sawa, sasa hapa kwenye fungu letu iko mstari gani?". Hilo swali moja ukilizoea limekusaidia nusu ya kazi. Baada ya miezi miwili utasikia wanaulizana wenyewe, ndugu yangu hiyo siku utafurahi mno. Ndo walichokifanya wale watu wa Beroya kwenye Matendo 17:11, walimsikia Paulo, mtume kabisa, na bado walienda kuchunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na wakasifiwa kwa hilo.

Jambo moja lifanyike angalau mara moja kila mwezi, chukueni mstari wanaoupenda kwenye status zao mkausome nyumbani kwake, yaani pamoja na mistari inayouzunguka. Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Wafungue, waanze mstari wa 1. Watakuta ni barua kwa watu waliotekwa wakapelekwa Babeli, na mstari wa 10 unasema miaka sabini. Yaani wengi waliosikia ile ahadi mara ya kwanza wangezeekea kule kule. Au Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote", rudi mstari mmoja tu nyuma, Paulo anazungumzia kujua kushiba na kujua kuona njaa, na barua yenyewe anaiandika akiwa kifungoni. Wengine wanahuzunika kidogo wanahisi umewanyang'anya mstari. Kaa nao hapo. Ahadi inayomshika mtu miaka sabini uhamishoni ni nzito kuliko ile ya kufaulu mtihani wa wiki ijayo, na kijana aliyeiona hivyo siku mambo yakikwama hatasema Mungu alimdanganya.

Hatua ya 7: Nyamaza

Ukiuliza swali hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujasema neno. Ni ngumu sana, ukimya unauma, unajisikia kikao kimekufa unataka kuokoa kwa kujibu mwenyewe. Usijibu. Wanafikiri. Wakijua utajibu mwenyewe baada ya sekunde tatu watakusubiri maisha yote.

Na mtu akijibu, usiseme "sahihi kabisa" ukaenda mbele, maana ukimwambia mmoja sahihi wengine wanafunga midomo. Sema "mwingine anaonaje?". Yule anayeongea sana mpe kazi, aandike yanayosemwa. Yule asiyeongea usimnyooshee kidole ghafla, mwambie kabla ya kikao, "leo nitakuuliza kuhusu mstari wa 38, ufikirie", utashangaa.

Tena mkumbuke Yesu mwenyewe akiwa na miaka 12, Luka 2:46, wazazi wake wamemkuta hekaluni ameketi katikati ya waalimu "akiwasikiliza na kuwauliza maswali". Na njiani kwenda Emau, Luka 24, baada ya Yesu kufufuka, wanafunzi wawili wamekata tamaa, yeye anajua kila kitu, anawauliza habari gani hizo, anawaacha waseme yote mpaka "tulikuwa tukitumaini", ndo anaanza kufungua maandiko. Aliwasikiliza kwanza.

Hatua ya 8: Swali gumu likija

Na litakuja. Kwa nini Mungu anaacha watoto wateseke. Vipi watu ambao hawakuwahi kusikia Injili. Sayansi inasema dunia ina mabilioni ya miaka, Mwanzo 1 je. Mambo ya ngono, watauliza, na bora waulize hapo kuliko kuuliza simu.

Kitu cha kwanza angalia ni swali la kichwa au la jeraha. Yanafanana maneno. Anayeuliza kwa kichwa anataka hoja, mpe hoja, mpe muda wa kubisha. Anayeuliza kwa jeraha, kama yule binti, muulize tu "unaulizia kwa sababu ya nini?" halafu sikiliza mpaka mwisho. Siku hizi mtu wa hivyo mi namfungulia Zaburi ya 13, mistari sita tu, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?". Namwambia hii ni Biblia, hii ni sala, na Mungu ameiacha humo. Vijana wengi hawajui kwamba kulalamika mbele za Mungu kumo ndani ya maandiko, wanadhani wakilalamika wameasi.

Usichokijua sema "sijui, nitaenda kusoma" na wiki ijayo ulete kweli. Ukisahau kuleta wameona. Pale ambapo Wakristo wenyewe wanatofautiana, waambie wanatofautiana, eleza pande zote kwa haki kisha sema kanisa lenu linaaminije na kwa nini.

Kijana akikwambia haamini tena, usishtuke usoni. Msome naye Marko 9:24, yule baba aliyemleta mtoto wake kwa Yesu akapaza sauti "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Yesu hakumfukuza, alimponya mtoto. Na Tomaso, Yohana 20, alisema hataamini mpaka aone, na siku nane zikapita bado wenzake wako naye ndani. Hawakumtoa. Sehemu hiyo naitegemea sana, mwenye mashaka awekewe kiti chake palepale kwenye duara.

Hatua ya 9: Maombi na kitu kimoja cha kufanya

Dakika kumi za mwisho. Kila mtu aseme kitu kimoja atakachofanya kabla hamjakutana tena, kidogo, kinachoonekana, chenye jina na siku. "Nitampenda jirani" haihesabiki, "Jumatano nitampigia fulani tuliyenuniana" hiyo sawa. Wiki ijayo mnaanza nacho, bila kumsema aliyeshindwa. Maombi yawe mafupi, wanaoogopa kuomba kwa sauti waandike kwenye karatasi, au wasome zaburi kama sala, au wakae kimya, kimya nacho ni maombi.

Grupu la simu liwe dogo kwa matumizi: meseji moja katikati ya wiki yenye swali moja la fungu lijalo. Siyo mahubiri ya sauti ya dakika nane. Na kijana akikosa vikao viwili mtafute, mpigie, usiandike kwenye grupu "fulani umepotea", anaona aibu ndo hatarudi kabisa.

Hatua ya 10: Waachie waongoze

Baada ya miezi mitatu hivi chagua mmoja, siyo lazima yule mwenye mdomo, mara nyingi ni yule anayesikiliza wenzake vizuri. Paulo alimwandikia Timotheo "Mtu awaye yote asiudharau ujana wako", maana yake Timotheo alikuwa tayari amepewa kazi akiwa kijana. Kaa naye kabla ya kikao, msome fungu pamoja, aandike maswali yake mwenyewe, matano tu, na wewe usiyaandike upya hata kama ungeyasema vizuri zaidi. Siku yenyewe kaa kwenye duara kama mshiriki, akikwama akakuangalia, angalia Biblia yako. Atatoka.

Mkimaliza mkae dakika kumi mahali panapoonekana, muulize swali lipi liliwafanya watu waongee na lipi lilikufa na anadhani kwa nini, halafu mpe Marko 5:1-20 aende nayo nyumbani, na umwambie aanze kwa kuandika kinachomshangaza.